Oscar De Priest, mbunge aliyedai stahili za kila mbunge

Tarehe 29 Januari 1901, George Henry White wa North Carolina alisimama katika Baraza la Wawakilishi la Marekani akatoa hotuba ya kuaga. Alikuwa mbunge Mweusi wa mwisho kusalia kati ya wale walioanza kuchaguliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa. Alijua kwamba hakuna namna angerudi, kwani mwaka uliotangulia jimbo lake lilibadili katiba ili kuwafungia Weusi mlango wa kituo cha kupigia kura, kwa mtihani wa kusoma na kuandika na kwa kodi ambayo mpiga kura alipaswa kuilipa kwanza. White aliwaambia wenzake kwamba watu wake wangeinuka na kurejea siku moja. Siku hiyo ilifika tarehe 15 Aprili 1929, na aliyerejea hakutoka North Carolina wala jimbo jingine lolote la Kusini. Alitoka Chicago, katika jimbo la Illinois, jina lake Oscar Stanton De Priest, fundi rangi aliyekuja kuwa mfanyabiashara wa majumba na mwanasiasa wa kata.

Waandishi wengi wa historia ya Weusi wa Marekani humpa De Priest mstari mmoja au miwili, wakisema kwamba ndiye Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la nchi hiyo kutoka jimbo la Kaskazini, kisha huendelea na mengine. Naona anastahili zaidi ya hapo. Alikuwa na kasoro, nami nitazitaja bila kuzipunguza, lakini aliliona mapema jambo ambalo wengi wa wakati wake walilichukulia kuwa dogo: kwamba mbunge asiyeheshimiwa katika mambo ya kila siku, kama vile ofisi, chai na chakula cha mchana, amepewa nusu ya cheo, na wapiga kura wake wamepewa nusu ya mwakilishi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1871 mjini Florence, Alabama, na wazazi waliokuwa watumwa. Baba yake alikuwa mkulima na msafirisha mizigo kwa magari ya kukokotwa na wanyama, na mama yake aliwafulia watu nguo ili kuongeza kipato. Miongoni mwa marafiki wa familia hiyo alikuwamo James Rapier, Mweusi aliyeiwakilisha Alabama katika Bunge kuanzia 1873 hadi 1875. Kundi la Wazungu lilipotaka kumuua Rapier, baba yake De Priest alimsaidia kunusurika, na mwaka 1878 familia ikafungasha na kuhamia Salina, Kansas, pamoja na maelfu ya Weusi waliokuwa wakiikimbia Kusini baada ya majeshi ya serikali kuu kuondolewa huko. Mtoto huyo, kwa hiyo, alikua akijua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba Mweusi anaweza kuwa mbunge, na kwamba anaweza kuuawa kwa sababu hiyo.

Alifika Chicago mwaka 1889, akiwa kijana wa miaka 18 mwenye mafunzo kidogo ya ualimu na ya utunzaji wa hesabu, akaanza kazi ya kupaka rangi na kupamba nyumba. Baadaye alichukua kandarasi zake mwenyewe, kisha akaingia katika biashara ya majumba. Kuingia kwake katika siasa husimuliwa hivi: rafiki yake mmoja alimpeleka kwenye mkutano mdogo wa chama ambako wagombea wawili wa uongozi wa eneo walikuwa wamelingana kura. De Priest alimfuata mmoja wao, akamwambia kwamba yeye na rafiki yake wangempa kura zao mbili iwapo angemfanya kuwa katibu. Yule alikataa. Akamfuata wa pili, naye akakubali. Sioni aibu katika kisa hicho. Mtu ambaye watu wake walinyang'anywa kura huko alikotoka aliijua thamani ya kura mbili, na aliitumia thamani hiyo maisha yake yote.

Mwaka 1904 alichaguliwa kuwa kamishna wa Kaunti ya Cook, wilaya lilimo jiji la Chicago, nafasi aliyoishikilia hadi 1908, mvutano wa makundi ndani ya Chama cha Republican ulipomtoa. Alirudi kwenye biashara, akapata mali. Hapa ndipo kasoro ya kwanza ilipo. Chicago ya wakati huo iliwabana Weusi katika ukanda mwembamba wa upande wa kusini mwa jiji, na kila mtaa uliopakana na ukanda huo ulipohamwa na Wazungu, De Priest alikuwa miongoni mwa waliokodi majengo yao na kuwapangisha Weusi kwa kodi ya juu kuliko ile waliyolipa wapangaji waliotangulia. Aliwafungulia watu wake milango ya nyumba ambazo wasingezipata, na papo hapo akapata faida kutokana na uhaba walioteseka nao. Mambo hayo mawili ni ya kweli, na anayetaka kumwelewa hana budi kuyabeba yote.

Aliporudi katika siasa mwaka 1915, mambo yalikuwa yamebadilika. Miaka miwili kabla ya hapo, wanawake wa Illinois walikuwa wamepata haki ya kupiga kura katika chaguzi za miji, na Ida B. Wells, mwandishi aliyejulikana kote Marekani kwa kupambana na mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya Wazungu, alikuwa ameanzisha chama cha wanawake Weusi kilichoitwa Alpha Suffrage Club. Wanawake hao walipita nyumba kwa nyumba katika Kata ya Pili wakiandikisha wapiga kura, wakizomewa na baadhi ya wanaume waliowaambia warudi jikoni. Kura zao zilikuwa na uzito mkubwa katika kumfanya De Priest kuwa diwani wa kwanza Mweusi wa Chicago. Jambo hili husahaulika mara nyingi, nami nalisisitiza: kiti cha De Priest kilijengwa na wanawake miaka mitano kabla ya katiba ya Marekani kuwatambua wanawake wote wa nchi hiyo kuwa wapiga kura.

Udiwani huo haukudumu. Mwaka 1917 alishtakiwa kwamba alipokea fedha kutoka kwa wenye nyumba za kamari ili kuwakinga na polisi. Wakili wake alikuwa Clarence Darrow, mmoja wa mawakili mashuhuri kabisa nchini, ambaye aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba fedha zile zilikuwa michango ya kampeni. De Priest aliachiwa huru, lakini chama kilimweka kando, na alipojaribu kugombea akiwa mgombea binafsi alishindwa. Wakati huohuo jiji lilikuwa likijaa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekata wimbi la wahamiaji kutoka Ulaya, viwanda vya nyama na vya chuma vilihitaji watu, na Weusi wa Mississippi, Alabama na Arkansas walipanda treni kuelekea kaskazini. Mwaka 1910 Weusi wa Chicago walikuwa takriban 44,000. Mwaka 1920 walikuwa wamezidi 109,000. Na mwaka 1930 walikaribia 234,000. Kila mmoja wao aliyefikisha umri alishuka kituoni akiwa mpiga kura, jambo ambalo asingeweza kuliota kule alikotoka. De Priest alianzisha kundi lake la kisiasa, akawaandikisha wageni hao, akasubiri.

Nafasi ilitokea kwa msiba. Martin Madden, Mzungu aliyeliwakilisha jimbo la kwanza la uchaguzi la Illinois kwa zaidi ya miaka 20, alifariki ghafla mwezi Aprili 1928 akiwa katika chumba cha kamati ya bajeti bungeni, muda mfupi baada ya kushinda mchujo wa chama. Uteuzi wa mgombea mpya ukawa mikononi mwa viongozi wachache wa kata, na De Priest, ambaye alikuwa mmoja wao, aliwaomba waziwazi wamteue yeye. Katika uchaguzi wa Novemba alimshinda mgombea wa Chama cha Democratic kwa kura takriban 4,000, ingawa alikuwapo pia mgombea binafsi Mweusi aliyemnyang'anya baadhi ya wafuasi, na ingawa shtaka jingine la kuhusishwa na kamari lilikuwa limeibuliwa dhidi yake wakati wa kampeni. Shtaka hilo lilifutwa kwa kukosa ushahidi kabla ya siku ya kiapo.

Siku ya kiapo yenyewe ilikuwa na hatari yake. Desturi ilikuwa kuwaapisha wabunge kwa makundi kufuata majimbo yao, na kwa mpangilio wa alfabeti Alabama, Arkansas na Georgia zinaitangulia Illinois. Mbunge wa Kusini ambaye amekwisha kuapa angeweza kusimama na kupinga De Priest asiapishwe, akitumia tuhuma zile kama kisingizio. Spika Nicholas Longworth aliliona hilo, akaamua kuwaapisha wabunge wote kwa pamoja, hivyo hakukuwa na aliyekwisha kuapa wa kumpinga asiyeapa. Naipenda sana hatua hiyo kwa urahisi wake. Ubaguzi mwingi wa bungeni ulipitia taratibu za kikao, na safari hii utaratibu huohuo uligeuzwa kuwa ngao.

Haukupita muda kabla ya suala la ofisi kuzuka. Mbunge mmoja wa North Carolina, George Pritchard, alikataa kukaa katika ofisi iliyopakana na ya De Priest. Fiorello La Guardia wa New York, aliyekuja baadaye kuwa meya wa jiji hilo, alijitokeza kusema kwamba yeye angefurahi kuwa jirani yake. Kisha ikaja chai.

Ilikuwa ni kawaida kwa mke wa Rais kuwaalika Ikulu wake wa wabunge. Lou Hoover alikuwa na njia mbili tu: kumwalika Jessie De Priest kama alivyowaalika wengine, au kumwacha na hivyo kutangaza kwamba mke wa mbunge mmoja si mke wa mbunge. Aliamua kumwalika, lakini aliligawa tukio katika mikusanyiko kadhaa na kumweka Jessie katika ule wa mwisho, tarehe 12 Juni 1929, pamoja na wageni wachache ambao aliwachunguza kwanza ili kuhakikisha kwamba hakuna atakayemdhalilisha. Chai ilinyweka kwa heshima. Habari ilipotoka nje, baadhi ya mabunge ya majimbo ya Kusini, likiwamo la Texas, yalipitisha maazimio ya kulaani, na seneta wa South Carolina, Coleman Blease, aliingiza katika kumbukumbu za Seneti shairi la matusi ambalo baadaye liliondolewa. Rais Herbert Hoover hakuomba radhi, na baada ya siku chache alimpokea Ikulu Robert Moton, mkuu wa chuo cha Tuskegee. De Priest kwa upande wake hakuomba radhi wala kutafuta maneno laini. Aliutumia mwaka huo kuzunguka akihutubia na kuichangia fedha NAACP, jumuiya iliyokuwa ikitetea haki za Weusi, na alikwenda hadi Kusini licha ya vitisho vya kuuawa, akiwaambia Weusi wa huko kwamba dawa ya unyonge wao ni kujipanga na kupiga kura.

Kwa muda wa miaka sita alikuwa mbunge pekee Mweusi nchini. Kisheria aliwakilisha jimbo moja la Chicago, lakini barua zilimjia kutoka kila pembe ya Marekani, kutoka kwa watu ambao wabunge wao wenyewe hawakuwajibu. Aliwasilisha muswada wa kuwalipa pensheni ya kila mwezi wazee waliokuwa watumwa, muswada wa kuyapunguzia viti majimbo yaliyowanyima Weusi kura, muswada dhidi ya mauaji ya makundi, na muswada wa kumruhusu mshtakiwa ahamishiwe mahakama nyingine pale ambapo rangi yake inamnyima hukumu ya haki, jambo lililochochewa na kesi ya vijana tisa Weusi waliosingiziwa ubakaji na kuhukumiwa huko Scottsboro, Alabama. Hakuna hata mmoja uliopita. Bunge halikuwa na nia, naye hakuwa na kura za kuilazimisha.

Yaliyofanikiwa yalipitia njia nyingine. Kila mbunge alikuwa na haki ya kupendekeza vijana wa kusoma katika vyuo vya kijeshi, na De Priest aliitumia haki hiyo kuwapendekeza vijana Weusi, akijua jinsi watakavyopokelewa. Mmoja wao alikuwa Benjamin O. Davis Mdogo, aliyeingia West Point mwaka 1932. Kwa miaka minne wanafunzi wenzake walikataa kuzungumza naye isipokuwa kwa shughuli za kazi; alikula peke yake na kulala peke yake. Alihitimu mwaka 1936 akiwa wa 35 kati ya wahitimu 276, Mweusi wa kwanza kumaliza chuo hicho tangu Charles Young mwaka 1889. Davis ndiye aliyeongoza marubani Weusi wa Tuskegee katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1954 akawa jenerali wa kwanza Mweusi wa jeshi la anga la Marekani. Ningekuwa natafuta tendo moja la De Priest lenye matunda ya kuhesabika, ningelichagua hili, ambalo halikuhitaji kura hata moja ya bungeni.

La pili ni la mwaka 1933. Rais Franklin Roosevelt alileta muswada wa kuwaajiri vijana wasio na kazi katika kupanda miti na kuhifadhi ardhi, mpango uliojulikana kwa kifupi kama CCC. De Priest, mpinzani, aliongeza sentensi moja iliyokataza kumbagua mtu katika ajira hizo kwa sababu ya kabila, rangi au dini yake, nayo ikapita na kuwa sheria tarehe 31 Machi 1933. Utekelezaji ulikuwa wa kusikitisha, kwa kuwa kambi nyingi zilitenganishwa kwa rangi na Kusini iliwachelewesha Weusi kuandikishwa. Hata hivyo takriban vijana Weusi 200,000 walipitia mpango huo wakapata mshahara na mafunzo, na sentensi ile ikawa kigezo ambacho waliokuja baadaye wangeweza kukinyooshea kidole.

Kisha likaja suala la mkahawa. Januari 1934, Morris Lewis, katibu wa De Priest, aliingia pamoja na mwanawe katika mkahawa wa wananchi ulio ndani ya jengo la Bunge, wakaambiwa waondoke kwa kuwa Weusi hawahudumiwi hapo. Mwenyekiti wa kamati iliyosimamia mkahawa huo, Lindsay Warren wa North Carolina, alithibitisha kwamba hayo ndiyo maagizo yake. De Priest aliwasilisha azimio la kutaka jambo hilo lichunguzwe. Azimio lilikaliwa na kamati. Ndipo alipotumia kanuni iliyoruhusu hoja kutolewa kwenye kamati kwa nguvu iwapo wabunge 145 wangetia saini, akazitafuta saini hizo moja moja, meza kwa meza, hadi zikatimia.

Tarehe 21 Machi alisimama kuieleza hoja yake, na hotuba hiyo ndiyo bora kati ya zote alizotoa. Aliuliza, kama haki iliyoandikwa katika katiba inanyimwa chini ya kuba la Bunge lenyewe, basi kwa jina la Mungu itapatikana wapi? Alikumbusha kwamba jengo lile ni mali ya umma, na kwamba akinyamaza angekuwa amewasaliti watu milioni 12. Yeye mwenyewe aliweza kula katika chumba cha wabunge. Angeweza kuliacha suala hilo lipite. Bunge liliunda kamati ya watu watano, Democratic watatu na Republican wawili, na matokeo yalikuwa kama hesabu ilivyoonyesha: watatu waliona hakuna kosa, wawili waliona lipo. Mkahawa ukabaki vilevile.

Wengine wamesema kwamba alipoteza nguvu kwa sahani ya chakula ilhali watu walikuwa wakifa njaa mitaani. Nakubali nusu ya lawama hiyo. Katika Mdororo Mkuu wa uchumi Weusi wa Chicago waliachishwa kazi wa kwanza na kuajiriwa wa mwisho, familia zilitolewa nyumbani kwa kushindwa kulipa kodi, na De Priest, tajiri na Republican wa kizamani, alishikilia kwamba misaada ni kazi ya majimbo na ya mitaa, si ya serikali kuu, akapiga kura kupinga sehemu kubwa ya mipango ya Roosevelt. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na wapiga kura walimlipa. Nusu nyingine ya lawama siikubali. Hoja ya mkahawa haikumnyima mtu mkate. Kilichowanyima mkate ni msimamo wake juu ya misaada, na mambo hayo mawili yasichanganywe.

Novemba 1934 alishindwa kwa takriban kura 3,000 na Arthur Mitchell, naye Mweusi na mzaliwa wa Alabama, aliyekuwa amehama Republican na sasa akawa Mweusi wa kwanza wa Chama cha Democratic kuingia bungeni. De Priest alijaribu tena mwaka 1936 akashindwa. Alirudi katika halmashauri ya jiji kama diwani wa Kata ya Tatu kuanzia 1943 hadi 1947, akaendelea na biashara yake ya majumba, na akafariki tarehe 12 Mei 1951 akiwa na umri wa miaka 80, baada ya kugongwa na basi miezi kadhaa kabla.

Kiti chake kimekuwa na historia ndefu. Tangu De Priest alipoapishwa mwaka 1929, jimbo la kwanza la Illinois halijawahi kumchagua mtu ambaye si Mweusi. Baada ya Mitchell alikuja William Dawson, aliyekaa kuanzia 1943 hadi kifo chake mwaka 1970, na baadaye Harold Washington, aliyeondoka mwaka 1983 ili kuwa meya wa kwanza Mweusi wa Chicago. Mwaka 2000 seneta mmoja kijana katika bunge la jimbo, mwenye baba Mkenya, aliamua kuwania kiti hicho katika mchujo wa Democratic dhidi ya Bobby Rush, aliyekikalia tangu 1993. Wapiga kura wa kusini mwa Chicago walimjua Rush kwa miaka mingi na hawakumjua vizuri kijana yule, kwa hiyo wakamwangusha kwa tofauti kubwa. Kijana huyo alikuwa Barack Obama.